Harufu ya Nyumbani kwa Mzee Aliyepasuliwa

Kuna neno linalosemwa mara nyingi huku Butembo, sokoni na hata mlangoni pa kanisa, nalo ni hili: "Tangu apasuliwe, mzee si yule tena." Watu hulisema kwa sauti ya chini, kama wanaotaja deni la jirani. Mzee aliingia hospitalini kwa miguu yake, akatolewa mshipa au tezi iliyokuwa ikimziba mkojo, jeraha likapona vizuri, daktari akafurahi. Lakini huko nyumbani mtu huyo aliyekuwa akijua mipaka ya mashamba ya ukoo mzima, na nani alimposa nani, na mahari ilikuwa mbuzi wangapi, sasa anamwuliza mwanawe jina lake. Au bado yumo wodini, usiku wa pili, anataka kuung'oa mpira wa dawa mkononi aende akawafungulie mbuzi waliokufa miaka mingi iliyopita.

Watu wa nyumbani wakiona hayo hutafuta sababu, na sababu haziwi haba. Huyu atasema kisu kimegusa akili. Yule atasema dawa ya usingizi ilikuwa nyingi mno. Wa tatu hasemi kitu, ila hutazama pembeni kwa shemeji fulani, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Sisi tulio makatekista huwatembelea wagonjwa, kwa hiyo twayaona mengi. Twamkumbuka mzee mmoja wa miaka 76. Hatutaji hospitali wala parokia yake. Usiku wa tatu baada ya kupasuliwa alianza kuweweseka, akimwita mkewe marehemu, akimfukuza mwuguzi, akisema kuna watu wamesimama juu ya dari. Asubuhi wanawe walikaa shauri nje chini ya mti, na kabla ya saa sita walikuwa wamemtoa, wakampakia juu ya pikipiki kati ya watu wawili, wakampeleka katika chumba cha maombi. Huko alifungishwa chakula na maji ili pepo atoke. Lile jeraha lilioza. Tulimzika kabla mwezi haujaisha, na hata leo wale ndugu hawasemezani, maana mmoja wao alitajwa kuwa ndiye aliyemloga.

Kwa ajili ya hayo twaandika. Maana hali ile ina jina katika vitabu vya waganga, ina sababu zake, na kwa wagonjwa wengi yaweza kuzuiwa. Mwaka 1955 daktari mmoja wa Oxford, Uingereza, jina lake Bedford, aliandika katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet habari za wazee walioharibika akili baada ya dawa ya usingizi. Na ni nini kilichomwamsha? Ni maneno ya jamaa za wagonjwa, waliomwambia kwamba mzee wao hakuwa yule yule tena tangu alipopasuliwa. Kumbe Waingereza nao husema neno lile lile la Butembo! Baadaye, mwaka 1998, waganga wa nchi kadhaa za Ulaya na Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi. Juma moja baada ya kupasuliwa, robo yao walikuwa wamepungukiwa katika majaribio ya kumbukumbu na fikira. Baada ya miezi mitatu, mmoja katika kila kumi alikuwa bado hivyo. Mahali hapo hapakuwa na shemeji wa kusingiziwa.

Sababu zenyewe ni nyingi, nazo hushikana mikono. Mwili uliokatwa hupeleka habari za vita ndani ya damu, na ubongo wa mtu wa makamo husikia kelele hizo kwa mbali, lakini ubongo wa mzee huzisikia kama zinapigwa mlangoni. Ongeza maumivu, ongeza kiu, ongeza usiku bila usingizi, ongeza mkojo uliozibana, dawa kali, homa ya jeraha, mahali pageni, miwani iliyobaki nyumbani. Mzee aliyekuwa amesimama juu ya mguu mmoja tu wa nguvu huanguka. Tena si wote wanaopiga kelele. Wengine hunyamaza kabisa, hulala wakitazama ukuta, hawaombi kitu, na jamaa husema, "Afadhali, baba ametulia." Huyo aliyenyamaza ghafula ndiye anayesahauliwa, na huenda yu katika hatari kupita yule anayetukana.

Sasa twaja kwenye pua, ambayo ndiyo hasa habari yetu ya leo.

Mtu akiona au akisikia sauti, habari ile hupita kwanza katika kituo kimoja kilicho katikati ya ubongo, ndipo igawiwe kwenda inakopaswa. Harufu haingoji kituoni. Yatoka juu ya pua, yaingia moja kwa moja karibu na mahali pa kumbukumbu na mahali pa hofu na furaha. Wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kufunua jinsi pua inavyotambua harufu hizo nyingi ajabu. Lakini mama yeyote wa Kinande angeweza kuwaambia nusu ya jambo hilo: mpitishe mtu aliyekaa Kinshasa miaka 20 karibu na mahali ndizi za kasiksi zinapokamuliwa, naye atakutajia jina la babu yake kabla hujamwuliza.

Pua ya mzee huchoka kama macho yake yanavyochoka, ila hakuna anayemnunulia miwani ya pua. Wengi hawatambui hata kidogo kwamba wamepungukiwa. Tulipopatwa na ule ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu wengi duniani walijua kwa mara ya kwanza maana ya kula bila kusikia harufu. Na waganga wamegundua kwamba upungufu wa pua mara nyingi hutangulia upungufu wa akili. Huko Baltimore, Marekani, mwaka 2015, walionyesha kwamba wagonjwa wa moyo waliokuwa na pua dhaifu kabla ya kupasuliwa ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kuweweseka baada yake.

Basi watu walijiuliza: je, pua yaweza kufanyizwa mazoezi, kama mguu uliovunjika? Daktari Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, alijibu mwaka 2009. Aliwapa watu waliopotewa na harufu chupa nne: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Wazivute asubuhi na jioni, kwa muda wa majuma 12. Kwa jumla walipata nafuu kuliko wale ambao hawakufanya kitu. Tazameni orodha hiyo. Mikaratusi imejaa vilima vyetu vyote kutoka Butembo hadi Lubero, twaikata kwa mbao na makaa bila kuinusa. Malimau yapo. Karafuu za pwani zauzwa sokoni kwa kijiko. Waridi tu ndilo la watu wenye bustani.

Jaribio lililosikika sana zaidi lilitoka California, Irvine, mwaka 2023. Walichukua wazee 43, wenye miaka 60 hadi 85, wazima wa akili. Kundi moja lilipewa mafuta ya harufu saba, harufu moja kila usiku, zikitawanyika chumbani muda wa saa mbili wakiwa wamelala, kwa miezi sita: waridi, chungwa, mkaratusi, limau, mnanaa, rozimari na lavenda. Kundi la pili lilipewa harufu hafifu mno. Mwisho wa miezi sita kundi la kwanza lilishinda katika jaribio la kukumbuka maneno, kwa tofauti iliyoandikwa kuwa asilimia 226. Magazeti ya dunia yakapiga tarumbeta. Sisi twasema polepole: watu 43 hawajazi hata viti vya nyuma vya kanisa letu, tena hao walikuwa wazima, wamelala vitandani mwao, hakuna aliyekatwa. Kuwahesabia wazee waliopasuliwa asilimia zile zile kungekuwa ni kuvuna shamba la jirani. Waganga wameanza kuijaribu njia hii kwa wazee wanaongojea kupasuliwa, na kazi hiyo bado inaendelea. Huku kwetu tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye vijana wanaosomea uganga. Twatamani mmoja wao alichukue jambo hili liwe kazi yake ya mwisho wa masomo, maana halidai mashine ya fedha nyingi.

Lakini je, tungoje hadi kazi zote ziishe? Limau halina gharama kubwa, wala halimdhuru mtu likitumiwa kwa akili. Tena sisi wa Butembo na Beni tuna sababu yetu wenyewe ya kuangalia harufu za hospitali. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina karibu na Beni, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Katika siku hizo zote harufu moja ilitawala: klorini. Mikononi, viatuni, mlangoni pa kila nyumba ya wagonjwa, juu ya majeneza. Klorini iliokoa watu, na wala hatusemi iondolewe, Mungu apishe mbali! Twasema tu kwamba mzee aliyezika watoto wawili mwaka 2019 huenda akafumbua macho baada ya kupasuliwa, hajui ni saa ngapi wala yuko wapi, na kitu cha kwanza kinachomwingia ni harufu ile. Pua humwambia: siku zile zimerudi. Nani asingetaka kukimbia? Harufu nyingine iliyo ya kwake, ikiwekwa karibu na mto wa kichwa, humpa ubongo habari ya pili.

Twaeleza sasa jinsi tunavyowashauri watu wa parokia, baada ya kuwauliza madaktari na masista wauguzi.

Kazi huanza nyumbani, majuma kadhaa kabla ya siku ya kupasuliwa, ikiwa siku hiyo yajulikana, kama ilivyo mara nyingi kwa mshipa, kwa tezi na kwa mengine yasiyo ya haraka. Tafuteni vikopo vinne vidogo vyenye vifuniko. Katika kila kimoja wekeni kitu kimoja: maganda ya limau, majani ya mkaratusi yaliyopondwa, karafuu chache, mchaichai au kahawa. Asubuhi na jioni mzee avute kila kimoja kwa utulivu, kama muda wa kuhesabu hadi kumi, akitaja kile anachosikia. Msimwambie jina kwanza. Mwacheni atafute. Mkiweza, mwulizeni na habari inayokuja pamoja na harufu hiyo, naye atawaeleza mengi, mengine hamtayapenda. Maganda yabadilishwe kabla hayajaota ukungu.

Hospitalini, ombeni ruhusa kwa mkuu wa wodi. Mara mtu anapoamka kutoka usingizi wa dawa, tumbo lake huchafuka, na harufu yoyote, hata iliyo nzuri, yaweza kumtapisha. Kwa hiyo ngojeni kichefuchefu kipite. Kisha kitambaa kidogo, kisafi, kimoja tu, chenye harufu aliyoizoea. Msipake kitu mwilini, na karibu na jeraha hata kidogo. Mafuta ya mkaratusi yanayouzwa katika vichupa hayanywewi, ni sumu, na yawekwe mbali na watoto. Mwenye pumu aachwe. Jirani wa kitanda cha pili aulizwe, kwa maana pua yake si yenu. Na moshi usiingie wodini kamwe: mtu aliyetoka katika dawa ya usingizi ana mapafu yanayotaka hewa safi, tena moto karibu na chupa ya oksijeni ni hatari kubwa. Mtumishi mmoja wa altare alituuliza kama ubani kidogo ungefaa. Hapana, ubani ubaki kanisani.

Harufu peke yake haitoshi, na anayeleta limau huku amemnyima mzee maji anacheza. Mwaka 1999 Daktari Sharon Inouye na wenzake, huko Marekani, walionyesha nguvu ya mambo madogo kwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Hao walikuwa wagonjwa wa wodi za kawaida, wasiopasuliwa. Katika wale waliopata uangalizi wa kawaida, 15 kwa mia waliweweseka. Katika wale walioangaliwa kwa njia mpya, chini ya 10. Na njia mpya ilikuwa nini? Kumweleza mgonjwa ni siku gani na yuko wapi, kumvalisha miwani yake, kumpa maji, kumtembeza mapema, kumpunguzia kelele usiku, kumkanda mgongo na kumpa kinywaji cha moto badala ya dawa ya usingizi. Huko iliwabidi kuandika watu wa kujitolea ili wakae na wagonjwa. Huku kwetu mzee halazwi peke yake hata siku moja. Binti yupo chini ya kitanda na mkeka wake na sufuria yake. Jeshi hilo tunalo tayari, ila halijafundishwa. Mara nyingi binti huyo hukaa kimya siku nzima, kwa heshima, hali ambapo angepaswa kusema, "Baba, leo ni Alhamisi, uko Butembo, umepasuliwa mshipa, mbuzi wako salama kwa Kaka."

Na mzee akianza kuweweseka, jambo la kwanza ni kumwita mwuguzi, upesi, wala si kukaa shauri chini ya mti. Yaweza kuwa homa ya jeraha, malaria, upungufu wa maji, mkojo uliozibana, sukari iliyoshuka. Hayo yana dawa. Wanaotaka kumwombea wamwombee palepale kitandani. Padre atakuja akiitwa. Hakuna sala inayodai mgonjwa anyang'anywe maji.

Upande wa Beni kuna shida nyingine ambayo vitabu vya California haviijui. Tangu Oktoba 2014 watu wa vijiji vingi huko wameuawa au wamekimbia, na wazee wengi wanaoingia kupasuliwa hawatoki nyumbani mwao, bali katika chumba cha kuazimwa. Kwa mzee wa namna hiyo msichukue harufu kwa kubahatisha. Mwulizeni. Mmoja atakumbuka kakao inayoanikwa uani, maana ndiyo iliyomsomeshea watoto; mwingine vanila iliyokuwa ikikaushwa juu ya blanketi, na akiipata atakaa macho makavu, kwa utulivu. Lakini yuko pia yule aliyeacha kakao yake ikiiva na wanawe wamelala katikati ya miti hiyo. Kumletea harufu hiyo ni kumrudisha siku ile. Mtu aliyechomewa nyumba, msimletee kitu chochote kinachonuka moshi, hata samaki wa moshi.

Mwaka jana mama mmoja mzee wa upande wa Kyondo aliletwa Butembo amevunjika nyonga. Hapakuwa na majuma ya mazoezi, kwa kuwa mtu haangukii kwa ratiba. Alipasuliwa, na usiku wa pili akaanza kusema maneno yasiyoshikana, akimwita mjukuu wake kwa jina la dada yake aliyefariki. Wauguzi walimpima, wakakuta ana kiu na mkojo mchafu, wakaanza dawa. Wajukuu wawili, wasichana wa shule, walikuwa wamesikia mafundisho yetu. Wakampa maji kwa kijiko, wakamvalisha miwani, na jioni ya siku ya nne, tumbo lake lilipotulia, mmoja akafungua kikopo karibu naye.

"Koko, unasikia harufu gani?"

Mama akanyamaza muda mrefu. Kisha akakunja uso.

"Kahawa. Tena imeungua. Nani ameikaanga?"

Alikuwa ameikaanga mjukuu yule yule, naye alicheka hadi akalia. Ni maji yaliyomsaidia, au dawa ya mkojo, au kikopo? Daktari alisema ni vyote, na kwamba yeye binafsi angeanza na maji. Sisi hatubishani naye. Ila twaona kwamba yale mengine yote yalimwingia yule mama akiwa kama mzigo unaopokelewa, na kwenye kahawa ndipo alipoanza tena kugomba.

Wenye mzee anayengoja zamu yake ya kupasuliwa na waanze juma hili. Vikopo vya dawa vilivyokwisha, vikioshwa kwa maji ya moto na kukaushwa juani siku mbili, vyafaa. Vya nyanya havifai, kwa kuwa harufu yao haitoki. Katekista wa mtaa wenu anayo karatasi yenye maelezo haya kwa Kiswahili na kwa Kinande, haiuzwi, naye atawasomea ninyi wenye macho mabovu.